Wewe ni Abeli

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi hapa Njombe, na kuna neno moja ambalo sijawahi kuliandika kwenye daftari la mtoto yeyote. Muhula uliopita mwalimu mkuu alitugawia karatasi yenye maneno ya kujazia ripoti za wanafunzi, tuchague na kunakili tu, na neno hilo lilikuwa la kwanza kabisa: "able". Nilifungua kalamu nyekundu, harufu ya wino ikanipanda puani, nikaifunga. Ripoti zote za darasa langu nilizijaza kwa kalamu ya bluu, na palipotakiwa neno lile niliandika "good", mpaka mwenzangu wa ofisini akaniuliza kama nimeishiwa Kiingereza. Nilimjibu vibaya. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na kosa ni langu.

Walio wa rika langu na waliokulia huku juu kwenye baridi wanajua tulivyokipata Kiingereza. Nyumbani ilikuwa Kibena, shuleni na kanisani Kiswahili, na tulipokuwa bado tunakosea Kiswahili chenyewe, kikaja hicho cha tatu kimeshika fimbo. Hatukukielewa. Tulikiimba. "You are Juma. You are not Asha." Nilikuwa hodari wa kuimba, na nilidhani kuimba ndiko kujua.

Kalista aliletwa kijijini kwetu Yakobi katika miezi ile ambayo ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Alikuwa binti wa baba mkubwa, aliyefariki Makambako baada ya kuugua muda mrefu, na mama yake alikuwa ameolewa tena na mwanamume asiyetaka mtoto wa mwenzake ndani ya nyumba. Baba alikwenda kumchukua. Walifika wamelowa, yeye amebeba mfuko wa sandarusi wenye nguo zake zote, na amevaa sweta la kiume lililomfika magotini. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi. Kwa kuwa alikuwa ameacha shule ili kumuuguza baba yake, aliwekwa darasa la nne pamoja nami.

"Huyu ni dada yako," mama aliniambia. "Mwite dada Kalista."

Sikumwita hivyo hata siku moja tulipoishi pamoja. Kabla hajaja nilikuwa mtoto pekee wa nyumba ile, kitanda kilikuwa changu, na mafuta ya juu ya mchuzi yalikuwa yangu. Yeye alipolala kitandani kwangu mara ya kwanza alijigeuza akavuta blanketi lote, nami nikamfinya kwenye paja kwa nguvu zangu zote. Hakulia. Alisubiri nisinzie, naye akanifinya mahali pale pale.

Ndivyo tulivyoishi. Nilimfichia kiatu kimoja kwenye rundo la miti ya miwati iliyokatwa, akaenda shule na mguu mmoja mtupu kwenye umande ulioganda. Naye alinitilia majivu kwenye uji. Niliwaambia wasichana wa darasani kwamba anakojoa kitandani, jambo ambalo halikuwa kweli, na kwa wiki nzima walikuwa wakiziba pua akipita. Siku aliyojua ni mimi, alinishika masikio yote mawili nyuma ya choo cha shule, akanivuta mpaka nikaona nyota, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe kifaranga, ipo siku."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alijua kila kitu ambacho mimi sikukijua. Alijua kuwasha moto kwa kuni mbichi. Alichimba viazi bila kukata hata kimoja, wakati mimi kila jembe nililoshusha lilitoka na nusu ya kiazi. Alibeba ndoo kubwa ya maji kutoka bondeni bila kuishika. Mama hakuwa mtu wa kusifu watu, lakini sasa alikuwa akisema kutwa, "Muone mwenzio. Muone mwenzio anavyofanya." Mimi nilikuwa na daftari tu. Darasani, Kalista alikuwa akikaa nyuma na wale wakubwa, anaandika huku amelaza shavu mezani, na herufi zake zilikuwa zimeinama kama zinataka kutoka nje ya mstari.

Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimwita Ticha. Alikuwa mtu mwembamba, mgeni, aliyekuja kutoka Makambako kila Jumatatu na kurudi kila Ijumaa, na alikuwa akituchukia waziwazi kama alivyoichukia baridi yetu. Haikuruhusiwa kumwuliza swali. Aliyeuliza aliambiwa, "Ulikuwa wapi nilipofundisha?" na kuchapwa viganja. Kwa hiyo alichoandika tulikipokea kama kilivyo, kila mtu akatafuta maana yake mwenyewe.

Siku moja alitupa zoezi la sentensi kumi, na kesho yake akatugawia madaftari kwa kuyatupa juu ya madawati. Langu lilikuwa na alama za vema ukurasa mzima, na chini, kwa wino mwekundu, aliandika: "You are able." Nililitazama neno la mwisho, sikulijua. Wakati wa mapumziko nilichungulia daftari la Kalista alilokuwa ameliacha wazi. Lilikuwa na alama za kosa tupu, na chini yake: "You are not able."

Nilijua "you are" na nilijua "you are not". Wewe ni Juma, wewe si Asha. Kwa hiyo mimi ni able, na Kalista si able. Lakini able ni nani?

Jibu nililipata Jumamosi ile ile, parokiani, kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista wetu alikuwa mzee mpole mwenye kikohozi, na siku hiyo alitusimulia habari ya wale ndugu wawili wa mwanzo, jinsi mmoja alivyopendwa sadaka yake na mwingine akakataliwa, jinsi yule aliyekataliwa alivyokunja uso, akamwita ndugu yake waende shambani, na huko shambani akamuua. Katekista hakuongeza chumvi. Alisema, akakohoa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nikisikia kila neno.

Mafundisho yalipoisha nilibaki nyuma.

"Katekista, Abeli kwa Kiingereza wanaandikaje?"

Alifurahi kuulizwa. Akachukua kijiti, akachora kwenye vumbi: A, B, E, L.

Nilikwenda nyumbani nikikimbia. Nilifungua daftari, nikahesabu herufi. Zilikuwa zile zile nne, ila mbili za mwisho zimepishana, na hilo halikunisumbua, kwa sababu nilishajua Kiingereza kilivyo. Meza wanaandika "table", na Ticha anasoma "teibo". Tufaha wanaandika "apple". Ni lugha ya kugeuza herufi za mwisho, basi na jina hili nalo wamegeuza. Mimi ni Abeli. Kalista si Abeli. Na katika habari ile walikuwa ndugu wawili tu.

Najua leo linavyochekesha. Nimewahi kulisimulia nusu yake kwa walimu wenzangu, ile nusu ya kuchekesha, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na niliamini kwamba mwalimu, mtu aliyesoma, ameona jambo ambalo wazazi wangu hawalioni, ameliandika kwa wino mwekundu kwa lugha ambayo wao hawaisomi, na ameniachia mwenyewe nijue la kufanya. Na si kulikuwa na dalili? Si aliniambia ipo siku?

Nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta maharage uani.

"Mama, Kalista ataniua."

Mama hakusimamisha ungo. "Mwana, acha maneno. Mwenzio ana huzuni yake, na wewe umemganda kama kupe."

"Ticha ameandika."

"Ticha ameandika nini?"

Nilishindwa kumwambia. Nilimwonyesha daftari, akautazama ule mwandiko mwekundu, akasema, "Naona umepata vema nyingi. Hongera. Sasa nenda kasaidie kumenya viazi." Nikaenda, na aliyekuwa ameshika kisu ni Kalista.

Tangu siku hiyo sikulala nikimpa mgongo. Wiki ile, jambo likazidi kunitisha: Kalista alianza kuwa mwema. Aliniachia blanketi. Alinibebea ndoo yangu kutoka bondeni juu ya ile yake. Mara mbili nilimkuta ananitazama nikiandika, na nilipoinua macho akageuka. Kisha jioni moja, mama akiwa amekwenda kwa jirani, alinijia pale jikoni na kuniuliza bila kunitazama, "Skola, Ticha aliniandika nini mimi?"

"Unajua mwenyewe," nilimjibu.

"Sijui."

"Unajua. Na mimi najua."

Alichokonoa moto. Aibu iliyokuwa usoni mwake niliiona, nikaisoma kuwa ni ya mtu aliyegunduliwa.

Siku mbili baadaye, tulipotoka shule, alisema maneno ambayo nilikuwa nikiyasubiri kwa hofu. "Twende shambani. Nina jambo nataka kukwambia, na sitaki mama mdogo asikie."

Ningeweza kukataa. Nilichukua jembe langu, naye akachukua lake, tukateremka bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za chini tunazolima wakati wa kiangazi kwa unyevu wa mto. Hapakuwa na mtu. Alitangulia yeye. Nilikuwa nikimtazama mgongoni, na niliona kwamba ndani ya sweta lile kubwa, kifuani, ameficha kitu kigumu chenye pembe. Kila alipopiga hatua alikishikilia kwa mkono kisianguke.

Kwenye tuta la mwisho alisimama, akanigeukia.

"Weka jembe chini," alisema.

"Kwa nini?"

"Weka tu. Nataka kukuonyesha kitu."

Yeye alilaza lake. Kisha akaingiza mkono wa kulia ndani ya sweta kutokea juu, shingoni, na nilipoona vidole vinatoka vimeshika kile kitu, niliinua jembe nikalishusha.

Sauti ya pigo ilikuwa ndogo, kama kukanyaga kijiti kilicholowa. Kitu kilichoanguka kati yetu kilikuwa daftari lake la Kiingereza. Kalista aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi, na kwa muda ambao bado naukumbuka kuwa mrefu sana hakulia.

"Nilitaka unisomee," alisema. "Nilitaka unifundishe." Halafu damu ikaja, akapiga magoti.

Mimi nilipanda mlima nikikimbia na kupiga kelele, na hili ndilo ninalotaka kulisema bila kulizungusha: kabla sijakutana na mtu yeyote, kabla sijaulizwa neno, nilikuwa tayari nikipiga kelele kwamba jembe limeteleza. Jembe limeteleza, jembe limeteleza. Nilikuwa na miaka kumi, nimechanganyikiwa, lakini uongo ule nilikuwa nao mdomoni umekamilika.

Baba alimbeba kwenye baiskeli mpaka barabarani, wakapata gari, wakampeleka hospitali Ilembula. Alilazwa karibu mwezi. Aliporudi, mkono ulikuwa bado umefungwa bandeji, na bandeji ilipokuja kufunguliwa, kidole cha shahada na cha kati vilibaki vimenyooka kama vijiti. Havikukunjika tena.

Alikuwa amerudi usiku. Kesho yake asubuhi, sote tukiwa tunakunywa uji, aliweka kikombe chini na kusema, "Baba mdogo, jembe halikuteleza. Skola alinipiga makusudi."

Baba alinigeukia. Alikuwa mtu wa haki, kila mtu Yakobi atakwambia hivyo. "Skola, ni kweli?"

"Jembe liliteleza," nilisema. "Alikuwa amesimama karibu."

"Anasema uongo," Kalista alisema. "Aliniangalia, akainua."

"Kwa nini akupige?" mama aliuliza.

"Sijui. Mwulizeni yeye."

Nilianza kulia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Mama alinitazama mimi ninavyotetemeka, akamtazama yule mtoto wa watu aliyekaa mkavu anatoa mashtaka, na akachagua. Alitoka nje, akavunja fimbo ya mwati, akamchapa Kalista miguuni mbele yetu. "Tumekupa kitanda! Tumekupa chakula! Mwenzio hajalala kwa ajili yako, na wewe unamzulia!" Baba hakumzuia. Kalista aliuinua ule mkono wa bandeji juu ya kichwa ili usiguswe, na ndivyo alivyochapwa, mkono mmoja juu kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali.

Kisha aliambiwa aniombe radhi. Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo.

"Nisamehe, Skola."

"Nimekusamehe," nilisema.

Alirudi darasani. Alijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, na Ticha alipopita alitikisa kichwa, hakumchapa, jambo ambalo lilitushangaza wote. Nilikuwa bado naamini. Niliamini nimeokoka. Nilijiambia kwamba katika habari ile Abeli hakujua, mimi nilijua mapema, na ndiyo maana niko hai. Sikuwa na usingizi mbaya hata kidogo. Huo ndio ukweli.

Ndipo asubuhi moja Ticha akaingia na kuandika ubaoni, kwa chaki, neno lile. Alilipigia mstari. Pembeni yake akaandika kwa Kiswahili: anayeweza, mwenye uwezo.

"Eibo," alisema.

"Eibo!" tuliitikia.

"I am able to read. Naweza kusoma. She is able to cook. Anaweza kupika. Tena!"

Darasa zima liliimba, na mimi niliimba. Nakumbuka kwamba mdomo wangu uliendelea kuimba vizuri kabisa. You are able. Unaweza. Ndivyo tu alivyoniandikia. Umefanya zoezi vizuri, unaweza. Na yule nyuma hakufanya vizuri, hawezi. Hapakuwa na mtu wa kuuawa. Palikuwa na msichana mkubwa aliyeona aibu kwamba hajui kusoma maandishi mekundu.

"Skolastika!" Ticha aliita. "Simama. Tunga sentensi."

Nilisimama. Fimbo ilikuwa mezani. Nilitafuta sentensi yoyote, kupika, kusoma, kuimba, zote alikuwa amezitaja na hakupenda kurudiwa. Kichwani mwangu palikuwa na jambo moja tu, na likatoka lenyewe, kwa sarufi isiyo na kosa hata moja:

"Kalista is not able to write."

Watu walichukua muda kutafsiri. Kisha walicheka, wakageuka kumtazama. Kalista alikuwa amekaa nyuma na kalamu katika mkono wa kushoto. Alikuwa ameelewa. Neno lilikuwa limefundishwa dakika ile ile, maana yake iko ubaoni, na neno "write" tulishalijua. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiingereza aliyoielewa mwanzo mpaka mwisho.

"Very good!" Ticha alisema. "Mpigieni makofi."

Wakanipigia.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba ilikuwa hofu ya fimbo. Nimejaribu kusema nilikuwa naungama kwa namna ya kitoto, kwamba nilitaka mtu aulize kwa nini hawezi. Si kweli. Nilikuwa nimegundua kwamba nimemlemaza mtu bure, na papo hapo nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Jumatatu iliyofuata Kalista hakuja shule. Alikuwa amepanda lori la viazi mpaka Makambako, kwa mama yake na yule baba wa kambo asiyemtaka. Baba alimfuata. Alirudi peke yake, akasema, "Amekataa kuja. Anasema bora huko anakochukiwa na asiye ndugu." Mama alisema mtoto hana shukrani. Kitanda kikawa changu tena.

Miaka imepita. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikachagua Kiingereza kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Baba alipofariki, Kalista alikuja mazikoni na lori lake mwenyewe, likiwa limejaa kuni za msiba. Alitupia udongo kaburini kwa mkono wa kushoto, akamsalimia mama kwa heshima, akaondoka kabla ya chakula. Mimi alinipita kama mtu anavyopita kisiki.

Ile nyumba ikabaki na mama peke yake, nami nikashindwa kukaa na jambo lile. Siku moja ya mapumziko nilikwenda Makambako. Kalista ana uwanja wa mbao karibu na barabara ya malori, na nilipofika alikuwa amesimama kati ya marundo ya mbao za msindano, chaki mkononi, anaandika vipimo kwenye kila ubao. Vijana wawili walikuwa wakipakia. Mkono wake wa kushoto ulikwenda haraka, namba zimenyooka, safi.

"Kamwene, dada," nilimsalimia kwa Kibena. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo.

"Kamwene, mwalimu," alijibu, akaendelea kuandika.

Nilimwomba tukae. Akasema nizungumze tu, anasikia. Basi nilimsimulia nikiwa nimesimama: daftari, wino, katekista, herufi nne, jinsi nilivyohesabu, jinsi nilivyoamini. Nilieleza vizuri. Mimi ni mwalimu, najua kueleza. Nilipofika kwenye lile la kwamba ndugu walikuwa wawili tu, aliacha kuandika, na nilidhani nimemgusa.

"Kwa hiyo uliogopa," alisema.

"Niliogopa sana."

"Mtoto akiogopa anakimbia. Njia ilikuwa nyuma yako, tupu mpaka nyumbani. Na mbio ulikuwa nazo, si ulizionyesha baadaye?"

Alihamia ubao mwingine.

"Na lile la jembe limeteleza," alisema, "nalo ulilisoma kwenye wino? Na ile sentensi yako ya makofi, ulikuwa bado hujui maana?"

"Nilikuwa nimejua."

"Basi usiniletee habari ya Abeli hapa. Umekuja kunipa hadithi nzuri nikusamehe kwayo. Kule kunichukia kwako nilikuelewa, hata mimi nilikuchukia. Hilo ningelisamehe zamani." Alipangusa chaki kwenye gauni. "Mama mdogo alinichapa nikiwa na bandeji. Baba mdogo amekufa akiamini mimi ni mwongo. Umewahi kumwambia hata mmoja wao?"

"Bado."

"Mmoja bado yu hai. Unafanya nini Makambako?"

Akamwita kijana mmoja, akamwelekeza mahali pa kuweka mbao, na hakunigeukia tena.

Nilirudi siku ile ile mpaka Yakobi. Mama alikuwa amekaa kizingitini anaota jua la mwisho, mguu wake mbaya ameunyoosha. Nilikaa chini mbele yake na nikamwambia. Safari hii sikuanza na katekista wala wino. Nilisema, "Mama, jembe halikuteleza. Nilimpiga makusudi, na nikasema uongo, na wewe ukamchapa yeye."

Mama hakuuliza kwa nini. Alinitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na Kalista.

"Aliuinua mkono," alisema hatimaye. "Unakumbuka? Aliuinua juu nisiupige. Na mimi nikaendelea."

"Mama, ulikuwa hujui."

"Nyamaza."

Asubuhi niliamka nikamkuta amevaa vitenge vyake vya kanisani na viatu, begi dogo liko miguuni. Nilisema nitamsindikiza, barabara ni mbali na mguu unamuuma. Akasema, "Wewe baki." Nilimfuata hatua chache, akasimama, akasubiri bila kugeuka mpaka niliporudi nyuma. Kisha akaenda taratibu, akichechemea, mpaka ukungu ukamficha.

Nilidhani atakaa kwa Kalista siku mbili. Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke. Nimefunga nyumba ya Yakobi, kuku nimewapeleka kwa jirani. Kila Jumapili nikitoka kanisani napiga simu ya mama, na kila Jumapili anapokea Kalista. Hanitukani wala hakati simu. Ananiacha niseme, "Naomba kuongea na mama." Na nyuma ya kimya chake namsikia mama, karibu kabisa, akiuliza ni nani huyo, na Kalista akimjibu kwa upole kwamba ni mtu amekosea namba.